Mifereji Mitano ya Kushoto

Habari ya kifo cha Fundi Mbawala ilinikuta mtaa wa Gerezani, nimesimama mbele ya duka la vifaa vya bomba nikisubiri nitafutiwe koki ya nusu inchi. Simu ilitetemeka mkobani. Ujumbe ulitoka kwa binti yake: mzee ametutoka jana alasiri, ibada na maziko ni Jumamosi. Niliusoma mara mbili, nikamwacha muuzaji na koki yake mkononi, nikaanza kutembea. Sikujua naenda wapi. Mimi ni mtu mzima sasa, magoti yananiuma, na daktari ameniambia nipunguze kutembea juani. Lakini mchana ule nilipita mitaa ya Kariakoo kama mtu aliyedondosha kitu, nikikwepa mikokoteni na meza za machinga, mpaka nikajikuta mbele ya jengo la ghorofa nane lililojaa maduka ya simu. Hapo ndipo ilipokuwa nyumba ya vyumba sita ambamo Fundi Mbawala alipanga chumba cha tatu, mkono wa kulia. Mlinzi alinitazama kwa muda, kisha akanisogelea. "Shikamoo mama. Unatafuta nini?" Nikamwambia natafuta chumba. "Hapa hakuna vyumba vya kupanga, mama. Ni fremu za biashara tu." Nikamshukuru, nikazunguka jengo lile mara nyingine, halafu nikarudi nyumbani bila koki.

Jumamosi, kwenye maziko, msemaji wa familia alisimama akasema marehemu alikuwa mtu mpole, hakuwahi kukosana na mtu. Watu wakaitikia. Mimi nikajigeuza kwenye kiti cha plastiki, nikajigeuza tena, mpaka jirani yangu akaniuliza kama kiti kimevunjika. Fundi Mbawala aliwahi kuninyamazia wiki saba. Alikuwa na haki ya kufanya hivyo, na tangu siku ile sijawahi kutulia nikiukumbuka ule ukimya. Ndiyo maana naandika habari za mwaka ule mmoja tu. Nilikotoka na wazazi wangu walikuwa nani, hayo nayaacha. Kwangu mimi maisha yalianza pale nilipofundishwa kuhesabu mifereji ndani ya mtutu wa bunduki.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu. Nilikuwa karani katika ofisi ndogo ya maonyesho ya historia, nyumba ya ghorofa moja karibu na Mnazi Mmoja ambayo siku hizi imevunjwa. Mkuu wetu alikuwa Ndugu Lukindo, mtu wa suti ya Kaunda na kalamu mbili mfukoni. Alikuwa anaandaa maonyesho kuhusu wapagazi wa vita ya kwanza ya dunia, wale waliobebeshwa mizigo ya jeshi la Waingereza, ambao kambi yao ndiyo iliyoipa Kariakoo jina lake. Stoo ya chini ilikuwa na bunduki kumi na tisa za kale, zote zimeng'olewa vifyatulio, zimelala kwenye masanduku kama kuni. Hakuna aliyejua ipi ni ya nani. Kazi yangu ilikuwa kuandika kadi ya kila moja, na mimi sikujua hata tofauti ya mtutu na kitako. Ndipo akaletwa Fundi Mbawala kwa kibarua. Alikuwa mtu wa kusini, sajini mstaafu, aliyetumia zaidi ya miaka ishirini katika karakana ya jeshi akitengeneza silaha. Kila kitu alikijua. Shida ilikuwa macho. Mtoto wa jicho alikuwa ameyafunika yote mawili, na alichoweza kuona ni mwanga na vivuli. Siku ya kwanza alinyoosha mkono akaupapasa mtutu wa bunduki ya kwanza mpaka mwisho, akauliza, "Nani ana macho humu?" Nikasema, "Mimi, Fundi." Akasema, "Haya, sogea."

Hivyo ndivyo tulivyofanya kazi. Yeye alikuwa mikono na kumbukumbu, mimi nilikuwa macho. Asubuhi tulikuwa stoo, mimi nimeweka mtutu ukitazama dirishani, jicho langu moja limefumba, jingine ndani ya lile tundu. Sikuwa nimewahi kuona kitu kama kile. Ndani ya chuma kilichochakaa kwa nje kulikuwa na mistari inayong'aa, inazunguka kuelekea kwenye mwanga kama ngazi ya mnara. "Ile ndiyo mifereji," aliniambia. "Gobore la babu zako halina mifereji. Ndani ni laini, goroli inatoka inayumba, inakwenda inakotaka. Umewahi kucheza pia, ile ya kuzungusha kwa kamba?" Nikasema nimecheza. "Pia ikizunguka inasimama, isipozunguka inaanguka. Risasi ni hivyohivyo. Mifereji inaizungusha, ikizunguka inanyooka." Kisha akanifundisha kutofautisha. Bunduki ya zamani ya Kijerumani, ile waliyopewa askari wetu weusi, ilikuwa na mifereji minne na tundu pana la kuingia ncha ya kidole, na risasi yake ilikuwa donge la madini ya risasi tupu, nene kama ncha ya kidole. Baruti yake ilitoa moshi mweupe mzito. "Askari akifyatua tu, adui anaona wingu," alisema, "anajua pa kupiga. Wazungu wao walijipa zile mpya zisizotoa moshi." Ile mpya ya Kijerumani nayo ilikuwa na mifereji minne, tundu jembamba, imepinda kulia. Ya Kiingereza ilikuwa na mitano, imepinda kushoto. Nikamuuliza kwa nini Waingereza walipinda kushoto. Akafikiri. "Sijui. Kila karakana na mazoea yake."

Mchana tulihamia chumbani kwake, kwa sababu stoo ilikuwa inawaka joto na kwa sababu yeye alipenda kufundisha akiwa amevua viatu. Chumba kilikuwa na kitanda cha kamba, meza, jiko la mchina la mafuta ya taa, na mkebe wa maziwa uliojaa maganda matupu ya risasi na vichwa vya risasi vya zamani. Aliyamwaga mezani, akayachagua kwa vidole. Ganda la Kiingereza lina ukingo kitakoni kama mdomo wa sahani. Ganda la Kijerumani jipya halina ukingo, limechimbwa mfuo mdogo. Ilikuwa miaka ya foleni. Sukari foleni, sabuni foleni, na unga tuliokula ulikuwa wa mahindi ya njano ambao watu waliubatiza jina la yanga. Fundi alipika ugali huo kwa dagaa na nyanya mbili, akanitengea upande wangu wa sahani bila kukosea, na chai tulikunywa kwa tende. Ukuta wa chumba ulikuwa mwembamba na haukufika paani, kwa hiyo maneno ya majirani yote yalikuwa yetu. Kulikuwa na mke na mume waliogombea redio, na wanawake wawili waliofulia uani. Siku moja nikamsikia mmoja akiuliza, "Yule binti anafuata nini kwa mzee kila siku?" Mwenzake akajibu, "Nasikia wanahesabu risasi." Yule wa kwanza akacheka kidogo. "Siku hizi inaitwa hivyo?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Fundi aliendelea kutafuna. "Hesabu," akaniambia, akanisogezea risasi nyingine.

Risasi yenyewe, ile iliyotufarakanisha, ililetwa ofisini wakati tumebakiza bunduki mbili. Aliileta mwanamke wa makamo anayeitwa Bi Mwanaidi, mshona kofia wa Kariakoo, pamoja na mwanawe Shomari aliyekuwa karani bandarini. Ilifungwa katika kipande cha kanga. Ilikuwa ndefu kama kiungo cha kidole, imevikwa bati jeupe, kichwa chake butu. Shomari ndiye aliyesema. Baba yake Bi Mwanaidi, yaani babu yake yeye, alikuwa mpagazi. Alikuwa amebeba sanduku kichwani wakivuka mto Rufiji, Wajerumani wakawashambulia, risasi ikamwingia pajani, na sanduku hakuliangusha. Alilifikisha ng'ambo ndipo akaanguka. Risasi ilikaa mwilini zaidi ya miaka thelathini, mpaka uzeeni ilipotoka yenyewe kwenye jipu. Shomari aliisimulia vizuri sana, mikono yake ikionyesha sanduku, maji na ng'ambo. Bi Mwanaidi alikaa pembeni, sindano na kofia mapajani, hakuinua uso. Ndugu Lukindo alifurahi kupita kiasi. Akasema risasi ile itawekwa mlangoni, peke yake, katika kasha la kioo, na mgeni rasmi atasomewa habari zake. Akanigeukia. "Zuhura, andaa kadi."

Nikaipeleka kwa Fundi mchana uleule. Aliipima kwa vidole, akaiweka kwenye maikromita, kile kipimo cha unene, akanitaka nisome. Nikamsomea. Akachukua sumaku kutoka kwenye kisahani, akaigusisha kwenye risasi. Risasi haikushika. "Koti la risasi ya Mjerumani lina chuma ndani," alisema, "lingeshika. Na hii ni nyembamba. Hesabu mikwaruzo." Mifereji ya mtutu huacha alama zake ubavuni mwa risasi inapopita, na mimi wakati huo nilikuwa nazijua alama hizo kama mistari ya kiganja changu. Nikachukua kioo cha kukuzia, nikaenda mlangoni kwenye mwanga. "Mitano, Fundi." "Ncha ikitazama juu, inaegemea wapi?" "Kushoto." "Hesabu tena." Nikahesabu tena. Mara ya tatu nikaweka alama ya wino pa kuanzia ili nisijidanganye. Ilikuwa mitano, na yote ilikuwa imelalia kushoto. Upande wa pili wa ukuta redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Fundi alisubiri yaishe. "Hii imetoka kwenye bunduki ya Kiingereza," alisema. "Na ilimfikia imechoka. Ilitoka mbali, au ilipita kwenye kitu kwanza. Ingekuwa karibu, ingetokea upande wa pili."

Nikamuuliza, kwa hiyo alipigwa na wenzake? Hapo alinyoosha kidole, akakitikisa. "Usiruke. Tanga kule Wajerumani waliwanyang'anya Waingereza bunduki nyingi sana, na risasi zake. Askari wa Kijerumani angeweza kuwa na bunduki hii. Sisi bunduki tunaijua. Mkono ulioishika hatuujui. Andika tunachojua, basi." Niliandika hivyo: risasi ya bunduki ya Kiingereza, aliyefyatua hajulikani. Ndugu Lukindo alipoisoma kadi aliivua miwani yake. "Familia imesema Wajerumani." Nikamweleza mifereji, nikamweleza sumaku. Alinisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Mgeni rasmi hatakuja na sumaku, Zuhura. Andika kama familia ilivyosema." Aliiweka kadi yangu chini ya vitabu, akasema tutaongea. Hatukuongea.

Ijumaa iliyofuata Bi Mwanaidi alinialika chakula. Nilijua jinsi mchele ulivyokuwa unapatikana, kwa hiyo nilijua nimepewa heshima kubwa. Ukumbi ulikuwa umetandikwa mkeka, kuna pilau, kachumbari na ndizi mbivu, wajomba watatu wametoka msikitini na kanzu zao, na ukutani kofia za Bi Mwanaidi zimepangwa kwenye vibuyu ili zisipoteze umbo. Nilikaa na wanawake karibu na mlango. Shomari akaanza kusimulia habari za babu, na sanduku safari hii lilikuwa kubwa zaidi, na maji yalifika kifuani. Mjomba mmoja, mtu wa mzaha, akanigeukia. "Nawe binti, wewe ndiye mtaalamu wa serikali. Hebu tuthibitishie. Risasi ya Mjerumani ikoje?" Ningeweza kucheka nikamwambia tule kwanza. Nimejiambia jambo hilo mara nyingi sana, jikoni, barabarani, na juzi tena kwenye kile kiti cha plastiki. Lakini nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa najua kitu ambacho wanaume wenye kanzu hawakijui, na wote walikuwa wananitazama. Nikasema, "Ya Mjerumani ina alama nne zinazolalia kulia. Hii ina tano, zinalalia kushoto. Hii ni ya Kiingereza."

Mikono ilisimama juu ya sinia. Shomari aliuliza kwa sauti ya chini, "Unasema babu alipigwa na watu aliokuwa anawabebea?" Nikasema, "Nasema bunduki ilikuwa ya Kiingereza." Yale mengine, kwamba mkono hatuujui, yale ambayo Fundi alinisisitizia, sikuyasema. Sijui kama niliyasahau au nilikuwa nimeshapata nilichotaka. Mjomba wa mzaha akasema kumbe askari wa Kiingereza walipiga wapagazi waliokuwa wanatoroka, alisikia hivyo kwa wazee. Shomari akasimama. Hakugombana, hakupiga kelele. Alinawa mikono nje akavaa viatu akaondoka, chakula chake kikabaki na alama ya vidole. Bi Mwanaidi alinisogezea bakuli la kachumbari. "Kula mwanangu, pilau inapoa." Nilikula. Sikumbuki ladha yake.

Jumatatu Ndugu Lukindo aliniita. Shomari alikuwa ameshafika, ametaka risasi irudishwe kama ofisi inaona babu yake alikuwa mtoro. Ndugu Lukindo hakunifokea. Aliniambia mimi ni kijana, nina maisha mbele yangu, na kazi siku hizi hazipatikani. Mzee yule ni kipofu, akasema, wala hakuna mtu atakayemlaumu. "Na wewe ulihesabu katika mwanga mbaya." Aliniwekea karatasi mezani. Nilichotakiwa kuandika ni sentensi mbili: kwamba nilikosea kuhesabu, na kwamba alama ni nne. Akatoka nje kunipa nafasi. Nilikaa mle ndani nasikia mashine ya chapa chumba cha pili, nasikia watu wanaagiza mihogo dirishani. Nilifikiria chumba nilichopanga Buguruni, kitanda changu, godoro nililolinunua mwezi ule. Nikaandika. Niliandika kwa mwandiko mzuri kabisa, nikatia saini.

Fundi alizijua habari hizo kesho yake, Ndugu Lukindo mwenyewe alimsomea. Nilipofika chumbani kwake mchana nikabisha hodi, alinikaribisha nikabaki nimesimama mlangoni. Alikuwa amekaa kitandani, mkebe wa maganda uko magotini. "Ni ngapi?" aliniuliza. Nikautazama ule mkebe. "Nakuuliza wewe uliyeona. Ni ngapi?" Nikasema, "Mitano, Fundi." Akatikisa kichwa polepole. "Mimi sina macho, Zuhura. Nilikuwa natumia ya kwako. Sasa nitayatumiaje?" Hakusema neno jingine. Kuanzia siku hiyo stoo tulifanya kazi kama watu wawili wanaosubiri usafiri kituo kimoja. Nilimsalimia asubuhi akaitikia marahaba, basi. Bunduki mbili zilizobaki alizipapasa peke yake na kadi zake hazikuandikwa. Wiki saba. Nilikuwa nafika kazini mapema nazunguka Mnazi Mmoja mara mbili, mara tatu, kabla sijaweza kuingia ndani. Jioni nilitembea kwa miguu mpaka Buguruni badala ya kupanda gari, kwa sababu nikikaa kimya mahali pamoja nilimsikia akiniuliza ni ngapi.

Zikiwa zimebaki siku kumi maonyesho yafunguliwe, Bi Mwanaidi alikuja ofisini peke yake. Alinikuta stoo. Akasema, "Nimekuja unionyeshe ile bunduki." Nikaishusha ya Kiingereza, nikauelekeza mtutu dirishani, nikamwonyesha jinsi ya kufumba jicho moja. Aliangalia kwa muda mrefu, mwili wake umeinama, ushungi umeteleza mabegani. "Inazunguka," alisema. Nikasema ndiyo, inazungusha risasi ili inyooke. "Baba alisema aliisikia kama nyuki." Akauacha mtutu, akakaa juu ya sanduku, akatengeneza ushungi wake. "Baba hakubeba sanduku siku ile, mwanangu. Alikuwa ameliweka chini. Walikuwa watatu, wamechoka, wenzao wanakufa kwa kuhara kila siku, wakatua mizigo wakaanza kwenda kwao. Aliniambia hivi: sikukimbia, nilitembea. Mlinzi wa Kiingereza akawaita, hawakugeuka. Akapiga kutoka kilimani. Wawili walikufa palepale. Baba alijificha Rufiji kwa watu mpaka kidonda kikafunga, na vita ilipokwisha akaja kujenga nyumba hapahapa Kariakoo, karibu na pale walipomwandikisha. Aliniambia mimi peke yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa namkanda mguu."

Nikamuuliza kwa nini alimwacha Shomari asimulie yale mengine. "Aliyatunga akiwa na miaka saba," alisema. "Watoto wenzake walikuwa na babu askari, babu dereva. Yeye akajipatia wake. Ningemnyang'anya vipi? Baadaye akawa mkubwa, nikaona haya." Akainyoosha kanga magotini. "Nimesikia umeandika kwamba ni nne." Nikainamisha kichwa. "Uliona ngapi?" "Mitano, Bibi." "Basi usiseme nne. Baba aliibeba miaka yote ile, mimi naijua ilitoka wapi. Ukisema nne unamwita mwongo na yeye." Aliondoka akaniacha nimeishika ile bunduki kifuani kama mtoto.

Niliandika barua ya pili siku ileile, na safari hii sikuandika kwa mwandiko mzuri. Niliandika kwamba barua yangu ya kwanza ilikuwa ya uongo na niliandika kwa kuogopa kupoteza kazi yangu; kwamba alama ni tano na zinalalia kushoto; kwamba bunduki ilikuwa ya Kiingereza. Ya Bi Mwanaidi sikuyaandika, maana hayakuwa yangu. Nikaacha nakala moja mezani kwa Ndugu Lukindo na nyingine nikaichukua mpaka Kariakoo, nikabisha hodi chumba cha tatu mkono wa kulia. Nikamwambia Fundi nataka kumsomea kitu. Nilisoma nimesimama. Uani kufua kulikuwa kumesimama pia, nikajua wale wanawake wawili wanasikiliza. Nilipomaliza aliuliza, "Umeshaipeleka, au unakuja kuniuliza kwanza?" Nikasema nimeshaipeleka. Akapapasa meza mpaka akapata mkebe, akaufunika. Nilidhani ndiyo basi. Kisha akasema, "Kesho njoo saa mbili. Kuna bunduki mbili hazina kadi."

Tulizimaliza kwa siku tatu. Siku ya nne Ndugu Lukindo aliniambia mkataba wangu hautaongezwa, lakini, nisimdhulumu, alinipa barua nzuri ya kunitambulisha, iliyonisaidia baadaye kupata kazi ya kukagua mizani na vipimo, kazi niliyoifanya mpaka nikastaafu. Risasi haikuonyeshwa. Kwenye kasha la kioo waliweka kofia ya kijeshi. Watu huniuliza kama najuta, nami hushindwa kujibu kwa neno moja. Barua ya pili siijutii. Ile sentensi niliyoisema juu ya sinia la pilau naijuta, ingawa ilikuwa kweli, na miaka yote hii sijapata namna ya kuyaweka hayo mawili pamoja yakatulia.

Kabla mwaka haujaisha nilikwenda kwa Bi Mwanaidi kuomba radhi kwa siku ile ya chakula. Ilikuwa alasiri. Shomari ndiye aliyefungua mlango, akiwa na fulana, kalamu sikioni. Tulitazamana. Nikamsalimia, nikasema nimekuja kwa mama. "Mama ametoka," alisema. Hakufunga mlango lakini hakunikaribisha. Nikamwambia basi nitaomba radhi kwake yeye; kwamba nililisema lile jambo mbele za watu kwa majivuno, na hata hivyo nililisema nusu. Alisikiliza akikwaruza rangi ya mlango kwa ukucha. "Mama ameniambia yote," alisema. "Nilimkasirikia zaidi yako. Nilikaa siku tatu sili kwake." Akaitoa kalamu sikioni. "Nimemsifu maisha yangu yote mtu ambaye hakuwepo."

Nikageuka niondoke, akaniita. "Dada Zuhura. Wewe unajua mambo ya risasi. Mtu mwenye risasi pajani, kidonda kimefunga lakini bado anachechemea, kutoka Rufiji mpaka hapa anatembea siku ngapi?" Nikasema sijui. Nikasema inategemea alipitia wapi, kama mvua zilikuwa zimeanza, kama kulikuwa na watu wa kumlaza njiani. "Na mimi sijui," alisema. Akasogea pembeni kunipisha. Ndani, mezani, kulikuwa na karatasi kubwa ya bandarini, na juu yake alikuwa amechora mto kwa kalamu ya bluu, na vijiji kwa majina, vingine vimefutwa vikaandikwa upya. "Nimeanza kuwauliza wazee wa huko wanaokuja sokoni. Mmoja anasema alipitia Mohoro. Mwingine anakataa. Kaa hapo unishikie pembe ya karatasi, inajikunja."

Nikavua viatu, nikaingia, nikakaa.